Kubadili Spika za Milango na za Nyuma katika Pikapu Kuukuu

Katika kurasa hizi za Kiswahili wenzangu wamekwisha kuandika habari za ufugaji wa nyuki, za mpira na za safari zao. Mimi naleta habari ya ufundi: namna ya kutoa spika zilizokufa katika pikapu ya zamani na kutia nyingine mahali pake. Huenda wako watakaosema kwamba hii ni kazi ya vijana wapendao makelele. Sivyo. Ndani yake mna sehemu kubwa ya Fizikia tunayofundishwa darasani, sauti na umeme pamoja, tena mna useremala, na kwa sisi watu wa pwani mna vita na chumvi. Nayaandika haya kwa kuwa niliyatenda kwa mikono yangu wakati wa likizo ya Desemba, huko Kismayu, katika pikapu ya ami yangu.

Kwa wale wasiopajua kwetu, Kismayu ni bandari ya kusini mwa Somalia, karibu na mahali Mto Juba unapoingia baharini. Kutoka hapo kwenda kusini, hata kukaribia mpaka wa Kenya, visiwa vidogo vidogo vimefuatana na pwani kama shanga: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Hivyo ndivyo visiwa vya Wabajuni, na lugha yetu, Kibajuni, ni tawi la Kiswahili. Visiwani gari halina kazi. Mtu huenda kwa miguu au kwa mashua. Lakini samaki akifika Kismayu hutaka barafu, na hutaka gari la kumfikisha sokoni kabla jua halijawa kali. Hiyo ndiyo kazi ya ami. Pikapu yake ni Toyota Hilux ya milango miwili, na umri wake wanishinda mimi. Usukani uko kulia, kama ulivyo katika magari mengi yaliyotumika Japani kwanza, ingawa Somalia twapita upande wa kulia wa barabara. Basi dereva hukaa ukingoni kabisa, na mchanga wa njia humwingilia yeye kabla ya abiria. Ndiyo maana spika ya mlango wake ilikuwa imekufa zaidi kuliko ya pili.

Spika hizo zina historia yake. Mji ulipotwaliwa na al-Shabaab na wenzao mwezi wa Agosti 2008, muziki ulikatazwa, na ikawa hivyo mpaka walipoondoka mwishoni mwa Septemba 2012. Ami aliing'oa redio akaificha ndani ya gunia, nazo spika zikakaa milangoni miaka minne bila kufanya kazi. Baadaye redio ilirudishwa, kisha ikatiwa nyingine ya kuchomekea flashi, lakini hakuna aliyezigusa spika. Nilipoufungua mlango nilikuta koni ya karatasi imechanika kama jani la mgomba, na ile sponji iliyoizunguka imekuwa unga.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili liliishughulisha nyumba nzima, maana bila hilo ami asingetoa hata senti. Babu yetu, ambaye sasa ni marehemu, alirekodiwa kwenye kaseti kisiwani Koyama kabla ya vita vya 1991. Vita vilipofika, watu wetu wengi walipanda mashua wakakimbilia Kenya, na kaseti ile ikaenda Mombasa ndani ya mkoba wa shangazi. Juzi juzi imenakiliwa kwenye flashi. Ndani yake babu aeleza miamba ya kuvulia: ni alama gani za nchi kavu uzipange moja nyuma ya nyingine, na chini mna pima ngapi. Mahali pamoja ataja mwamba wenye kambakoche wengi. Hapo miamba ni miwili karibu karibu, na kitu cha kuitofautisha ni kina chake tu. Je, babu alisema pima tatu au pima tano? Kwa Kibajuni tatu ni chachu, na tano ni chano. Katika redio ya ami maneno hayo mawili yalisikika neno moja. Pima tatu ni kiasi cha mita tano na nusu, pima tano ni mita tisa. Kijana anayepiga mbizi bila chupa ya hewa aijua tofauti hiyo kifuani mwake.

Mtu ataniuliza, kwa nini msisikilize kwa simu? Tulisikiliza. Lakini spika ya simu ni ndogo kama kifungo cha shati, na wazee wetu hawapendi kutiwa waya masikioni. Tena wazee wanaoweza kuamua neno la Kibajuni cha zamani hukutana mahali pamoja kila alfajiri, nako ni kando ya pikapu ya ami, wakingoja mashua zilizolala baharini. Basi pikapu ndiyo ilikuwa baraza.

Neno langu kubwa katika somo hili ni hili: atakaye kusikia maneno asinunue wati. Anunue spika iliyo nyepesi kuamka, kisha autie mlango kalafati kama mashua. Mengine yote nitakayoyasema yatokana na hayo.

Tuanze na sauti yenyewe. Sauti ya mtu si kitu kimoja. Irabu zina nguvu na ziko chini, na hata spika iliyochanika huzitoa. Konsonanti kama s, f na ch ni pumzi tu. Ziko juu, mitikisiko elfu tatu, elfu nne na zaidi kwa sekunde, na nguvu yake ni haba. Ukizipoteza hizo, yabaki maneno ya mtu anayesema huku ameziba kinywa kwa kanga. Katika chachu na chano silabi ya kwanza ni moja. Neno huamuliwa na ile ch ya pili, au kukosekana kwake.

Sasa fanyeni hesabu ndogo. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Gawanya kwa mitikisiko 100, utapata wimbi la mita 3.4, refu kuliko upana wa gari lenyewe. Gawanya kwa 5,000, utapata wimbi lisilofika sentimita 7. Wimbi refu hupinda na kuzunguka magoti, viti na kila kitu. Wimbi fupi huenda mbele moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi, likikuta suruali ya dereva huishia hapo. Nazo spika za mlango wa pikapu ziko chini, kando ya mguu! Kwa hiyo spika ya mlango hata ikiwa mpya na nzuri haitoshi peke yake. Yafaa ununue seti ambayo spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo mafundi huiita twita, imetengwa na ile kubwa, ili uweze kuipandisha juu. Mimi nilizifunga twita kwenye pembe ya mbele ya dirisha, karibu na kioo cha pembeni, zikaelekezwa katikati ya kibanda. Ya kulia, iliyo karibu na dereva, niliigeuza kidogo isimpige usoni.

Tuje kwenye ununuzi. Dukani Kismayu, ambako bidhaa nyingi za namna hii hutoka Dubai, utaona maboksi yameandikwa wati 300, wati 500, na picha ya moto. Usitishwe. Tazama fyuzi iliyo nyuma ya redio yako. Yetu ilikuwa ya ampea 10. Gari likiwa linanguruma umeme wake ni volti 14 hivi. Zidisha: wati 140. Hizo ndizo zote ziwezazo kuingia kwa kudumu, na katika hizo sehemu kubwa hugeuka joto. Lakini usoni redio imeandikwa wati 50 mara nne, yaani 200. Zitatoka wapi? Kwa kweli redio ya namna hii hutoa wati 15 hadi 20 safi kwa kila spika. Fyuzi haijui biashara, nayo husema kweli.

Kwa kuwa nguvu ni kidogo, yapasa spika iwe yenye unyeti mkubwa. Unyeti ni kipimo cha sauti itokayo kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, na huandikwa kwa desibeli. Hapa pana jambo ambalo Mwalimu wetu wa Fizikia hulirudia kila muhula: ukitaka kuongeza desibeli 3 yakupasa kuzidisha wati maradufu. Basi spika ya desibeli 92 ikipewa wati 20 italia sawa na spika ya desibeli 86 iliyopewa wati 80. Zile za 86 ndizo zilizokuwa na picha ya moto. Nilichagua za 92, zisizo na picha yoyote, na mwenye duka akanionea huruma.

Jambo la pili la kutazama ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Redio nyingi za gari hutaka spika za omu 4 au zaidi. Ukiunganisha mbili za omu 4 sambamba katika njia moja, redio itaona omu 2, nayo itaungua au itajizima. Ukizipima kwa mita usishangae kuona 3.2 au 3.6 badala ya 4. Mita hupima waya wa koili ukiwa umetulia, na spika ikilia ukinzani hupanda. La tatu ni koni na ukingo wake. Pwani, karatasi hunywa unyevu na sponji hugeuka unga. Chukua koni ya plastiki na ukingo wa mpira, hata ikiwa bei imezidi kidogo.

Kuufungua mlango wa pikapu ya zamani si kazi kubwa, ila pana kitu kimoja kinachowatoa watu jasho. Mkono wa kuzungushia kioo umeshikwa na kibanio kidogo cha chuma kilichopindwa mfano wa herufi C, nacho hakionekani. Usikichokoe kwa bisibisi, maana kitaruka na kupotelea mchangani. Chukua ukanda wa kitambaa, upitishe nyuma ya mkono ule, uuvute huku na huku kama unayepiga kiatu rangi, nacho kitatoka chenyewe. Kisha fungua skrubu, vuta ubao wa ndani polepole. Nyuma yake utakuta karatasi ya nailoni. Wengi huitupa. Wamekosea, kwa kuwa hiyo ndiyo izuiayo maji yanayoteremka na kioo yasiufikie ubao na kuuozesha.

Kabla ya kukata kitu chochote, teremsha kioo mpaka mwisho, kisha pima kutoka bati la mlango hadi kioo. Sisi tulipata milimita 48. Spika mpya ilikuwa na kina cha milimita 62. Kama ningeifunga hivyo hivyo, kioo kingeigonga sumaku. Dawa yake ni pete ya mbao chini ya spika ili kuinua. Pete ya milimita 18 yatoa 66, yaani nafasi ya milimita 4 yabaki. Tazama pia upande wa ndani, kwamba mkono wa kioo ukizungushwa hautakwaruza uso wa spika iliyoinuliwa.

Pete nilizikata kutoka vipande vilivyobaki kwa fundi wa mashua, mtu mwenye msumeno mkali na maneno makali zaidi. Alinishauri nizipake sifa, yaani mafuta ya papa, kama zipakwavyo mashua, ili mbao isioze. Shauri lilikuwa sahihi kwa mbao, lakini si kwa watu watakaokaa ndani ya kibanda kilichofungwa. Nilizipaka vanishi mara tatu.

Sasa nafika kwenye kalafati. Koni ikisukuma mbele, hewa ya mbele hubanwa, na wakati ule ule hewa ya nyuma hulegea. Kama njia iko wazi kati ya mbele na nyuma, hewa hukimbia kuzunguka ukingo na mambo mawili hayo hufutana. Sauti nene ndizo zipoteazo kwanza, kwa sababu mawimbi yake ni marefu na huwahi kuzunguka. Mlango wa pikapu umejaa matundu makubwa yaliyoachwa kiwandani ili fundi aingize mkono. Spika ya bei yoyote ukiitia katika mlango ulio wazi namna hiyo italia kama debe. Kwa hiyo matundu hayo lazima yazibwe. Wako wanaotumia utepe wa lami wa kuzibia mapaa, kwa kuwa ni rahisi. Jua la Kismayu huuyeyusha, ukateremka kwenye mitambo ya kioo na kunuka kama barabara mpya. Mimi nilikata vipande vya bati jembamba la alumini, nikavifunga juu ya matundu kwa utepe mnene wa mpira unaonata, ule usiolainika kwa joto. Kipande kingine cha utepe huo nilikibandika kwenye bati la nje la mlango, nyuma kabisa ya spika, kwa kuwa bati tupu hutetemeka na kuongeza sauti isiyotakiwa. Piga bati kwa kidole kabla na baada: kwanza lalia kama kengele, kisha kama ubao.

Hapa lazima niwaonye watu wa pwani hasa. Ukingoni mwa chini wa mlango mna vitundu vidogo vya kutolea maji. Usivizibe kamwe kwa tamaa ya kufunga kila kitu. Maji ya mvua huingia kila siku kando ya kioo, nayo lazima yatoke. Mlango wa ami upande wa kulia ulikuwa tayari umezibwa kwa mchanga na tope; nilipouchokoa kwa msumari maji ya kahawia yalitoka kiasi cha kikombe, na kutu ilikuwa imekwisha kulianza bati. Spika huweza kununuliwa tena. Mlango mzima wa gari la umri ule kuupata ni kazi.

Waya nilizibadili zote. Zile za zamani zilikuwa zimekatika-katika mahali mlango unapopinda, ndani ya bomba la mpira karibu na bawaba. Waya wa milimita mraba 1.5 watosha sana kwa nguvu hii. Maungio nilifanya kwa kulehemu, nikayafunika kwa mpira wa kusinyaa, kisha nikapaka grisi kidogo. Kusokota waya kwa vidole na kuzungusha utepe mweusi ni desturi ya mafundi wengi, lakini hewa ya chumvi huingia chini ya utepe na kuigeuza shaba kuwa kijani kabla mwaka haujaisha. Skrubu nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu, na ziko, maana wenye mashua huzitumia.

Jambo moja la magari ya zamani latakiwa kujulikana vizuri. Katika baadhi yake, redio ya kwanza iliunganishwa hivi kwamba waya hasi wa spika zote ulikuwa mmoja, au uligusa bati la gari. Redio za sasa hazikubali hivyo. Kila spika itakuwa na waya zake mbili zinazotoka kwenye redio, na hasi yake isiguse bati popote. Mtu akitumia waya za zamani bila kuchunguza, redio mpya yaweza kufa siku ile ile.

Halafu chanya na hasi zisipishane. Chukua betri kavu ya volti 1.5, ile ya tochi, gusa ncha za spika kwa nukta moja. Koni ikiruka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Fanya hivyo kwa kila spika na utie alama kwa rangi. Spika moja ikiwekwa kinyume, moja husukuma wakati nyingine yavuta, na zile sauti nene ulizozihangaikia kwa kalafati hupotea tena katikati ya kibanda. Utaona kama kwamba msemaji amejificha, hujui yuko wapi.

Spika za nyuma zitanichukua maneno machache. Katika pikapu ya kiti kimoja hakuna nyuma kwa kweli. Pana upenyo mwembamba kati ya mgongo wa kiti na bati, ambamo jeki na spana hulala. Spika kubwa haziingii, wala hazitakiwi. Nilitia mbili za sentimita 10, zenye twita katikati, kila moja katika kisanduku cha plaiwudi chenye nafasi ya ndani ya sentimita 25 kwa 16 kwa 9, yaani lita 3.6. Ndani nilijaza sufi kidogo, sufi ile ile ya mito, ili mwangwi wa sanduku usisikike. Kwa kuwa spika hizi ni ndogo na ziko nyuma ya kichwa, haifai zipewe sauti nene. Huzuiwa kwa kapasita moja iliyotiwa katika waya wa chanya. Hesabu yake ni hii: gawanya 1 kwa zao la 6.28, mitikisiko unayotaka kuanzia, na omu za spika. Kwa mitikisiko 200 na omu 4 utapata farad 0.000199, au tuseme mikrofarad 200. Dukani huuzwa za 220, nazo zafaa. Lakini iwe ile isiyo na chanya na hasi, maana umeme wa spika huenda na kurudi.

Spika za nyuma zafaa gari likiwa linakwenda, wakati injini ya dizeli inaponguruma na za mbele zikashindwa. Zipunguze katika redio mpaka usijue kama zipo, kisha zizime: ukizikosa, basi kipimo ni sawa. Wenye kuzifungulia kuliko za mbele husikia msemaji akiwanong'onezea kisogoni, na hilo mimi silipendi.

Binamu yangu, ambaye ni mdogo wangu kwa mwaka mmoja, alitaka tuongeze na wufa chini ya kiti pamoja na amplifaya yake, ili ngoma isikike mpaka bandarini. Ami alimjibu, "Mwanangu, mimi nataka kusikia maneno. Ngoma nikiitaka nitaipiga mwenyewe." Nami nilikuwa upande wa ami, si kwa heshima tu bali kwa hesabu. Pikapu hungoja mashua kwa muda wa saa tatu na zaidi, injini ikiwa imezimwa ili dizeli isiishe. Betri yake imeandikwa ampea-saa 70, nayo si mpya. Redio peke yake ikisema kwa sauti ya kiasi yala ampea moja au mbili; kwa saa tatu ni 6 kwa wingi. Amplifaya kubwa yenye kula ampea 20 ingechukua 60, na gari lisingewaka. Wakati huo mashua zimefika, samaki wameteremshwa, barafu inayeyuka, na mnunuzi wa sokoni hamngoji mtu ambaye betri yake imekufa. Riziki ya nyumba mbili iko juu ya betri ile.

Kazi yote ilichukua siku nne, moja katika hizo ikiwa ya kungoja vanishi ikauke. Alfajiri ya tano wazee walikusanyika milangoni kama kawaida, flashi ikachomekwa. Kaseti ina mvumo wake, na spika mpya ziliutoa mvumo huo pia, ikabidi nipunguze kidogo zile sauti nyembamba kabisa katika redio. Tuliyasikiliza maneno yale mara tatu. Wazee wanne walisema chachu bila kusita. Wa tano alinyamaza, kisha akasema kwamba babu alipokuwa kijana alikuwa na kigugumizi cha ch, kwa hiyo yeye hakubali mpaka mtu aende na timazi akapime. Bahari ilikuwa ya kaskazi, tulivu, na binamu yangu alikwenda wiki ile ile na kamba yenye risasi. Mwamba wa magharibi aliupata pima tatu na dhiraa moja, maji yakiwa yametoka, na ule wa mashariki ukapita tano. Alizamia ule wa magharibi. Kambakoche walikuwako, ingawa si wengi kama babu alivyosema. Lakini zimepita zaidi ya miaka thelathini, na wavuvi wengi wamepita humo.

Kwa atakayeifanya kazi hii katika gari lake, nashauri baada ya mwezi mmoja afungue tena ubao wa mlango na kuzikaza skrubu za spika, maana pete mpya ya mbao husinyaa kidogo na skrubu hulegea. Kabla ya kusi kuanza, wakati mvua na marashi ya bahari yanapokuja kwa nguvu, apitishe msumari katika vitundu vya maji, vyote, milango yote miwili. Katika mlango wa Hilux ya ami kila upande una vitatu, na cha nyuma kabisa ndicho kizibacho kwanza.